Chupa ya Babu Haipimwi

9 Machi

Mke mwenzangu,

Miezi minane sijauona uso wako. Ule mfuko wa nguo uliouacha nyuma ya mlango ukasema utaufuata wiki ijayo, buibui wamehamia na familia zao. Kama umeolewa kimyakimya niambie. Kama umefungwa niambie. Kama umenichoka niambie pia, hilo nalo ni la kuambiana. Lakini kunikalia kimya kama jiwe la kusugulia miguu, hapana. Marahaba, kwa ile shikamoo ambayo hukuiandika.

Mimi mzima, paka mzima. Goti la kushoto linagoma kila asubuhi mpaka nilitukane kidogo, ndipo linanyooka. Bati la jikoni linavuja palepale. Niliweka sufuria, sufuria nayo ikatoboka, sasa kuna beseni chini ya sufuria. Mama yako ameandika, anauliza unakula nini huko. Nikamjibu simjui huyo mtu anayemuulizia.

Na usiniambie habari za simu. Ile uliyoniletea iko kabatini, nzima, imelala. Sauti za watu humo nazisikia kama nyuki ndani ya debe. Mimi naongea na mtu ninayemwona au na karatasi.

Sasa jambo lenyewe. Unamkumbuka Mama Chapa, tuliyepakana naye ukuta, anayechapa barua za watu na mitihani ya shule ya hapa jirani. Kompyuta yake ilipata ugonjwa. Inawaka, inazima, inawaka yenyewe, inazima tena, kama mtu mwenye kwikwi. Akampelekea fundi wa pale barabarani, yule mwenye kibanda cha kioo, akaambiwa mashine imekufa anunue nyingine. Akaniletea mimi huku anaomba radhi, eti hataki kunisumbua na uzee wangu. Nikamwambia weka mezani, uzee wangu haukuulizwa.

Kabla sijavaa miwani nilishajua. Kapasita nne, vile vikopo vya kutuliza umeme, kandokando ya moyo wa kompyuta zimevimba vichwa, moja imetapika maji ya kahawia kwenye bodi. Umeme unafika pale unakuta walinzi wamelewa, utapitaje sawasawa? Nikaiyeyusha risasi ya kuunganishia nikazing'oa, nikasafisha matundu kwa mswaki na spiriti. Kisha nikafungua chupa ya vipuri ya babu yako.

Unajua chupa hiyo. Hakijawahi kuingia humo kitu ambacho babu yako hakukipima, halafu mimi nikakipima, halafu kesho yake tukakipima tena wote wawili. Ndiyo maana kikitoka hakipimwi. Nikachukua nne, za uwezo uleule, mstari mweupe upande wa hasi, nikazichomea. Mkono haukutetemeka hata kidogo. Mashine ikawaka ikatulia, ikanguruma kama paka aliyeshiba. Mama Chapa alikaa nayo hapa mchana mzima tunaichungulia, haikuzima. Nikamwambia, "Hii sasa itakuzika wewe." Akacheka mpaka akajifuta macho. Shule imempa mitihani ya muhula mzima, na sasa ataichapa.

Nimekuandikia ufurahi. Mimi sikukaa darasani hata siku moja. Herufi nilizijulia kwenye meza ile ya kazi, na kitabu changu cha kwanza kilikuwa maandishi ya ubavuni mwa kapasita. Lakini bado ni fundi. Njoo.

Mimi bibi yako.


4 Aprili

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepungua. Mimi ni mzima, kazi tu zimenizidi. Fundi mkuu ameniongezea ofisi mbili za kuhudumia, natoka asubuhi narudi nimechoka hata kuvua viatu ni mtihani. Mwambie mama nakula. Nimekutumia miwani mipya na mkebe wa dawa ya kuchua goti, nadhani mkebe utatangulia barua.

Nimefurahi kusikia habari za Mama Chapa. Ila Bibi, kwa nini ujitese na kazi hizi? Ulishaniambia macho yanakusumbua. Umefanya kazi ya kutosha, waachie wengine. Na kama ni lazima ufungue ile chupa, tafadhali pima kwanza kila unachotoa. Vitu vikikaa sana huharibika, na chumba kile kina joto. Usimpe mtu kitu kabla hujapima. Nakusihi.

Kuhusu kuja, nitatazama ratiba.

Mjukuu wako.


25 Aprili

Mke mwenzangu,

Ratiba. Bibi naye siku hizi anasubiri kwenye ratiba, baada ya ofisi mbili. Haya, nitakaa kwenye foleni.

Miwani imefika na dawa imefika. Dawa inanuka kama tairi lililoungua lakini goti limetii. Asante. Paka ameinusa akahama chumba siku mbili.

Barua yako imenifikia wiki mbili na siku tatu baada ya kompyuta ya Mama Chapa kufa. Ilikufa siku ambayo shule ilikuwa inasubiri mitihani. Ilianza kwikwi asubuhi, akawa anaiwasha, anachapa mistari miwili, inazima, anaiwasha tena. Mwalimu amesimama mlangoni. Kufika saa sita kukasikika mlio kama njugu iliyopasuka, na harufu unayoijua. Shule imepeleka kazi yake yote kwa mtu mwingine, si muhula huu tu.

Aliirudisha mwenyewe, ameibeba kifuani. Hakukaa. Mimi na yule mwanamke tumeazimana chumvi miaka thelathini, yeye ndiye aliyekuwa ananisomea barua zako za kwanza kabla sijauzoea mwandiko wako. Aliiweka mezani akasema, "Ungeniambia tu kwamba huwezi tena." Akatoka. Tangu siku hiyo tukikutana bombani anaangalia ndoo yake.

Nikaifungua. Tatu zimevimba, moja imepasuka kabisa. Zile zile nilizoziweka mimi mwezi uliopita. Nikazipima uzito kiganjani. Ni nyepesi kuliko zinavyostahili. Jambo hilo nilipaswa kulihisi siku ya kwanza, lakini nani anapima uzito wa kitu kilichotoka kwenye chupa ile? Nikachukua wembe nikaichuna moja lile gauni lake la plastiki. Chini ya gauni kulikuwa na gauni jingine, lina namba nyingine, ndogo, haifiki hata nusu ya ile ya juu. Mtu amekichukua kijitu dhaifu akakivika nguo za mkubwa.

Nikamwaga chupa nzima mezani. Nilipima kuanzia chai ya asubuhi mpaka jua likahama dirishani. Nyingine ukizigusa na kipimio mshale unaruka juu kisha unarudi polepole, kama ilivyo haki yake. Nyingine mshale unatikisika kidogo tu, kama mtu anayeitwa asitake kuitika. Nzima ni ishirini na tatu. Wenzao thelathini na nane, ukijumlisha na zile nne za Mama Chapa, ni matapeli.

Sasa nina maswali mawili tu. La kwanza, chumba cha kazi kina funguo mbili. Mmoja uko shingoni mwangu, naoga nao. Mwingine ni wako. Kuna mtu ulimpa?

La pili. Tangu uzaliwe hujawahi kuniambia nipime kitu kilichotoka kwenye chupa ya babu yako. Wewe mwenyewe ukiwa na miaka saba ulimkemea mama yako alipotaka kupima, ukasema, chupa ya Babu haipimwi. Mwezi huu umeniambia nipime, tena umenisihi. Kwa nini?

Nijibu kwa mkono wako.

Bibi yako.


16 Mei

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Pole sana kwa yaliyotokea na pole kwa Mama Chapa. Nimeumia kusoma.

Ufunguo wangu ninao, sijampa mtu. Kuhusu kukuambia upime, ni ushauri wa kawaida tu ambao ningempa fundi yeyote. Bibi, hujui masoko ya siku hizi yalivyo. Kapasita za bandia zimejaa kila duka, hata sisi huku zinatupiga chenga. Nadhani Babu naye aliuziwa. Si kosa lake. Miaka ile ya mwisho alikuwa amechoka, macho yalikuwa yameshapungua nguvu, huenda hakupima zote kama tulivyodhani. Yeyote angekosea.

Mama Chapa atasahau, mpe muda. Usilibebe sana moyoni.

Huku mvua ni nyingi. Nimepanda cheo kidogo.

Mjukuu wako.


2 Juni

Wewe,

Salamu utazikuta mwisho wa barua, kama zitabaki.

Nilisoma barua yako nikaikunja nikaiweka chini ya beseni linalovuja. Jana nimeitoa nimeisoma tena. Imelowa lakini maneno bado yapo.

Ubavuni mwa kapasita, chini ya alama ya kiwanda, kuna tarakimu nne ndogo. Mbili za mwanzo ni mwaka, mbili za mwisho ni wiki ya mwaka huo. Babu yako ndiye aliyenifundisha kuzisoma, na mimi nikakufundisha wewe, umekaa kwenye kigoda chako, miguu haifiki chini. Zile thelathini na nane zote zimeandikwa mwaka jana, wiki ya tisa. Babu yako tulimzika mwaka juzi. Niambie basi, mjukuu wangu msomi. Alifufuka akaenda sokoni? Alirudi akafungua mlango kwa ufunguo upi?

Tarakimu hizo niliziona siku ileile niliyochuna kwa wembe. Kabla sijakuandikia maswali nilishakuwa na majibu. Nilikuuliza ili unijibu wewe. Nilikuachia mlango wazi kabisa, nikasogeza na kiti, ukapita dirishani, na ukiwa unapita ukamkanyaga marehemu.

Nikuambie na jambo ambalo sikukuandikia mwezi wa nne. Siku ya pili baada ya kuchuna nilikwenda kwa Mama Chapa, nikasimama kibarazani kwake kama mdaiwa, nikamwambia kosa ni macho yangu, nilichukua mahali pasipostahili. Nilisema hivyo kwa sababu mtaa huu unakuita fundi, na sikutaka ukiitwa hapa uitwe jina jingine. Mimi nilikuwa nakufunika. Na wewe, mwezi uliofuata, ulikuwa unamfunua babu yako, ambaye alikubeba begani mpaka bega likapinda.

Macho yake hayakupungua. Siku tatu kabla hajalala moja kwa moja alinisomea maandishi ya kapasita ndogo kama punje ya mchele, bila miwani, huku ananicheka mimi niliyevaa.

Salamu hazikubaki.


28 Julai

Bibi,

Shikamoo, hata kama hutaiitikia.

Nimeandika barua hii mara nne. Hii naituma kabla sijaisoma.

Mwaka jana fundi mkuu alinipa kompyuta kumi za ofisi moja, zote zina ugonjwa ule ule. Nilikwenda sokoni nikanunua kapasita mfuko mzima kwa muuzaji nisiyemjua, kwa kuwa alikuwa karibu na nilikuwa na haraka. Sikupima hata moja. Mimi, uliyenifundisha wewe. Baada ya wiki sita zikaanza kupasuka moja baada ya nyingine. Fundi mkuu akaniambia nina siku saba, la sivyo nikusanye vifaa vyangu. Nilizunguka maduka yote, kila nilichopima ni bandia.

Nikaja nyumbani. Ulinipikia, ukanikanda shingo, ukasema nimekonda. Siku ya pili nilikuambia nimeishiwa sabuni. Ulipokwenda dukani kuninunulia ndipo nilipofungua chupa. Nilichukua za Babu thelathini na nane. Nikajaza zile zilizobaki kwenye mfuko wangu wa sokoni, ili kina cha chupa kisishuke. Nilijua ni mbovu. Nilijua chupa haipimwi. Ndiyo maana nilijaza.

Ulirudi na sabuni mbili, moja ukaniambia ni ya njiani.

Nilidhani hutaifungua tena, Bibi. Ulikuwa umelalamika macho, na meza ilikuwa na vumbi. Nilijiambia itakaa pale kama picha ya Babu ukutani, itatazamwa tu. Uliponiandikia kwamba umemtengenezea Mama Chapa, barua ilikaa kwangu siku tano nashindwa kushika kalamu. Ningeweza kukutumia habari siku ile ile. Ningeweza kupanda basi. Nikakuandikia upime, nikajidanganya kwamba nimesema.

Za Babu ziko ndani ya mashine za watu, zinafanya kazi vizuri mpaka leo. Cheo nilichopanda nimepandia juu yake. Siwezi kuzirudisha.

Siombi chochote.


19 Agosti

Mke mwenzangu,

Marahaba.

Goti zima. Dawa imeisha, usinitumie nyingine, nimezoea kulitukana. Fundi wa bati amekuja hatimaye, ameziba tundu moja akafungua mawili, kwa hiyo beseni limepata kazi ya kudumu. Mama yako hajui lolote na hatajua kutoka kwangu.

Barua yako nimeisoma mara moja tu, inatosha. Nashukuru hukuomba chochote, kwa sababu sikuwa nacho mkononi cha kukupa siku hiyo.

La sabuni limenikaa mahali pabaya. Kapasita ni vitu, vinapasuka, vinanunuliwa. Lakini nilitembea na goti hili mpaka duka la mwisho kwa kuwa la karibu halikuwa na ile yenye harufu unayoipenda, na njia nzima nafikiri, mtoto huyu amekonda, nimwongeze ya njiani. Na wewe unanisubiri niende mbali. Hilo sijui utaling'oa kwa chuma gani.

Na la vumbi. Ulitazama meza yenye vumbi ukaamua mimi nimeshakwisha. Ulinizika nikiwa jikoni nakukaangia mayai. Vumbi lilikuwepo kwa sababu wiki ile ulikuwa unakuja, nikaacha kazi nikafua mashuka yako.

Mashine ya Mama Chapa nimeitengeneza upya kwa nne kati ya zile ishirini na tatu. Nimezipima peke yangu, leo, kesho, na kesho kutwa. Sasa ni mwezi wa tatu inafanya kazi haijapata kwikwi. Aliichukua mlangoni bila kuingia. Shule haijarudi kwake. Mtaani wanasema bibi fundi wa redio amechakaa, mikono imemwisha, na hakuna aliyeniletea kitu tangu mwezi wa nne, hata tochi. Nimewaacha waseme, kwa kuwa mimi mwenyewe ndiye niliyewapa maneno. Miezi minne navaa gauni nililokushonea wewe, na linanibana.

Unasema huwezi kuzirudisha za babu yako. Ziache huko zinakofanya kazi, yeye angependa. Mimi sikudai hizo. Kitu kilichotoka humu ndani hakihesabiki. Mimi na babu yako kwa miaka arobaini na mmoja tulikuwa na mahali pamoja duniani ambapo mkono uliweza kuingia gizani na kutoka na kitu kizuri bila kuuliza. Sasa nikishika hata kijiko jikoni kwangu nakitazama mara mbili. Hicho ndicho ulichochukua, nami sijui kama kuna soko kinakouzwa.

Chupa nimeiosha kwa maji ya moto, nimeigeuza kichwa chini juu ya meza. Kumi na tisa zilizobaki ziko kwenye kopo la pembeni na hazitaingia chupani peke yao. Matapeli thelathini na nane nimewafunga kwenye soksi moja ya babu yako, wanakusubiri wewe.

Sasa sikiliza vizuri, maana sitaandika mara mbili.

Utakuja mwezi wa kumi, Jumamosi ya kwanza, mchana, watu wakiwa vibarazani. Ukishuka basi usije kwangu. Mimi nitakuwa ndani na sitatoka hata ukiita. Utapita mlango wangu uende mlango wa pili, kwa Mama Chapa, upige hodi, umpe shikamoo yake, na umwambie kwa mdomo wako mwenyewe ni nani aliyejaza chupa. Usiseme macho ya Bibi. Usiseme soko. Sema kwa sauti yako ya kawaida, ukuta wetu ni mwembamba na mimi nitakuwa nimekaa upande wa pili nasikiliza. Akikufukuza, simama mpaka amalize kukufukuza. Akikupa kiti, kaa.

Ukitoka huko ndipo uje. Mlango hautakuwa na komeo. Kiti cha babu yako usikiguse, kigoda chako kipo palepale, miguu sasa itafika chini. Lete kipimio chako, mimi ninacho changu. Tutaanza na moja. Utapima wewe, nitapima mimi, na kesho yake tutapima tena wote wawili, kwa hiyo njoo na nguo za kulalia. Ule mfuko wa nyuma ya mlango nimewafukuza buibui, nguo nimezifua, lakini nyingi zitakubana.

Na sabuni njoo nayo mwenyewe.